Uchuro wa Kodi ya Kifo

Baba yangu yu hai. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu huku Washington waliomwona kwenye video wakaamini amefariki, na mmoja wao aliwahi kunipa pole kazini, kwa heshima zote.

Baba alitoka Tanga akiwa kijana. Alianza kwa kupakua magari kwenye maghala ya Landover, upande wa Maryland, mpaka akapata ghala lake mwenyewe. Aliuza vyakula vilivyogandishwa: kisamvu, mihogo iliyomenywa, samaki, nazi iliyokunwa. Maduka mengi ya Waafrika yalichukua mzigo kwake. Kaka yangu aliingia kwenye biashara mara tu alipomaliza chuo. Mimi nilisomea uuguzi, nikaajiriwa hospitali moja mjini.

Ardhi ya Landover ilipopanda bei, mhasibu alimweleza kaka jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mwenye mali akifariki, serikali inaweza kutoza kodi kabla warithi hawajapata chao. Kodi ya serikali kuu isingetugusa, hatukuwa matajiri wa kiwango hicho. Ila Maryland ina kodi yake ya mirathi, na hiyo ingetufikia. Huenda tungelazimika kuuza ghala ili tuilipe. Siku hiyo kaka alirudi nyumbani hakula. Pale ghalani kulikuwa na watu waliofanya kazi na baba tangu mimi nasoma shule ya msingi, na kaka alikuwa akiwaona akilini wote wakitoka mlangoni na vifurushi vyao.

Kwa hiyo watu wa kampeni ya kufuta kodi hiyo kwa biashara za familia walipomtafuta, alikubali upesi. Ofisi yao ilikuwa Shaw, mtaa wa hapa Washington, kwenye nyumba ya zamani ya matofali iliyokarabatiwa mpaka ikawa haina harufu ya mtu. Walimpenda sana kaka. Walimwambia wamezunguka kote hawajapata familia kama yetu. Wao hawakusema kodi ya mirathi, walisema kodi ya kifo, na haukupita muda kaka naye akawa anasema hivyo hivyo, kwenye simu, mezani, mbele ya watoto wake. "Baba akifa," angeanza, na baba mwenyewe yupo pale anamenya chungwa.

Kwetu watu hawaongei hivyo. Mama alivumilia, kisha jioni moja akaweka bakuli la mchuzi chini.

"Mnamfanyia baba yenu uchuro," alisema. "Mtu anakula, nyie mnamzika."

Kaka alimweleza kwamba hiyo ni lugha ya siasa tu, haina maana nyingine. Baba alimaliza chungwa lake, akaenda kunawa.

Siku ya kupiga video nilichukua ruhusa kazini nikampeleka baba ghalani. Kamera zilikuwa zimeshapangwa. Kaka aliombwa asimulie habari za baba, akaanza vizuri tu, kwamba baba yake ni mtu anayefika kazini kabla ya wote. Mwanamke aliyekuwa akiongoza, mpole kabisa, akamsimamisha. Alimwomba aseme tena, ila azungumze kama mambo yaliyopita, ili watazamaji wahisi pengo. Kaka alinitazama mimi, kisha akamtazama baba. Baba akamwashiria kwa kidevu aendelee.

"Baba yangu alikuwa mtu wa kazi," kaka alisema kwa Kiingereza, na sauti ikamkwama kweli. Yule mwanamke alifurahi.

Halafu wakamwomba baba ainuke kwenye kiti chake. Walitaka kukipiga picha kiti kikiwa kitupu, na lile koti lake la chumba cha baridi likining'inia nyuma. Baba alisimama pembeni yangu, mikono mgongoni, akitazama watu wanavyorekebisha taa juu ya mahali alipokuwa amekaa. Nilimshika mkono. Aliniuliza polepole kama wamemaliza naye.

Kampeni ikaenda mwendo wake. Wanasiasa walimpokea kaka, wakapiga naye picha, wakaahidi. Mhasibu alishauri tusingoje sheria. Virginia, ng'ambo ya mto Potomac, haina kodi hiyo. Jengo lingebaki kuhesabiwa Maryland, alisema, lakini mali nyingine ingemfuata mwenyewe alikohamia. Kaka akanunua nyumba Woodbridge, huko Virginia, akawaomba wazee wahamie. Baba alikubali bila ubishi. Mama alifunga vyombo vyake akilia kimyakimya.

Nyumba ilikuwa nzuri na kubwa kuliko ya Landover. Lakini hawakumjua mtu mtaa mzima, na baba, ambaye hakuwahi kukaa nyumbani siku ya kazi, alishinda dirishani amevaa viatu. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta amepungua. Siku moja, mama akiwa jikoni, aliniambia bila kunitazama:

"Kaka yako ananipigia kila asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Zamani alikuwa haniulizi."

Nilimwambia kaka anampenda tu. Akaitikia kwamba anajua.

Alasiri moja nikiwa kazini, msimamizi wa ghala, Mkongo aliyefanya kazi na baba miaka mingi, alinipigia. Siku hiyo baba alikuwa amemsihi kaka ampeleke Landover akawaone watu wake. "Dada, patroni ameanguka," alisema; ndivyo alivyomwita bosi wake. "Mdomo umeenda upande. Kaka yako amemchukua na gari yake, hakungoja ambulensi."

Niliijua ile hali. Ni kiharusi, damu imekwama kwenye ubongo, na kila dakika ina kazi yake. Nilipiga hospitali iliyo karibu na ghala, wakasema hajafika. Nikangoja kidogo nikapiga tena, hajafika. Ndipo nikampigia kaka.

"Mko wapi?"

"Tuko njiani."

"Hospitali iko hapo hapo, kaka. Njiani kwenda wapi?"

Nikasikia pumzi za baba, nzito, zenye mkoromo ninaoufahamu kwa kazi yangu.

"Tunakaribia daraja la Potomac," alisema.

Nikaelewa. Nilimwambia ageuze gari. Akasema kuna foleni, hawezi kugeuza pale, na simu ikakatika.

Nilimkuta baba kwenye hospitali ya upande wa Virginia, macho wazi, mkono wa kulia umelala kama si wake. Daktari alitaka kujua hali ilianza lini. Kaka alisema kweli, hakuficha. Daktari aliandika bila kuinua uso. Dawa ilikuwa imetolewa, alisema, lakini kwa kuchelewa. Mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Mama aliketi kando ya kitanda akisoma dua, na kaka alipomsogelea, akahamisha kiti.

Kaka alinifuata kwenye korido.

"Nilipaniki, mdogo wangu," alisema. "Nilidhani ananifia garini. Nikaona angalau afie upande huu."

Wakili alikuja kutueleza baadaye kwamba mtu alipokatia roho si hoja. Linaloangaliwa ni makazi yake, na makazi ya baba yalikuwa yameshakuwa Woodbridge. Angetibiwa Landover, na hata angefia Landover, kwa kodi hiyo isingebadilisha kitu. Kaka aliketi kwenye ngazi za ofisi ya wakili, akabaki pale mpaka nikamwinua.

Alijitoa kwenye kampeni, akaomba video iondolewe. Walimjibu kwa upole kwamba imeshasambaa. Sheria haikupita msimu ule, na wanasema itarudishwa.

Sasa baba ana maneno machache, na tunajifunza kuyaelewa. Kila asubuhi kaka huja kumwogesha na kumnyoa ndevu kabla ya kwenda ghalani. Baba humwachia, hata humshika bega. Lakini siku za kliniki, kaka akishamvalisha viatu na kumfikisha mlangoni, baba akiliona lile gari la kaka hushika fremu ya mlango kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, na hakuna anayeweza kuubandua. Basi hunisubiri mimi nije na gari langu. Kaka hutangulia kutoka, akaketi garini akiwa amezima injini, akatutazama kupitia kioo mpaka tuondoke.