Tetea wa Shangazi

Wanapotumbukiza kuku kwenye maji ya moto, mimi huondoka. Harufu ile ya manyoya siiwezi.

Siku ile tulitoka sokoni Kariakoo. Shangazi alinibebesha tetea aliyefungwa miguu kwa ukili. "Asikuchoropoke, mama," alisema. Nilimwonea huruma, nikalegeza fundo. Tetea akaruka barabarani, shangazi akamkimbilia ameinama, mikono mbele. Lori la unga lilimgonga shangazi, likamburuta hadi kwenye foleni ya watu waliongoja sukari. Kanga yake ilizunguka na gurudumu. Watu walipiga mayowe. Tetea, mzima, alidonoa unga uliomwagika, ukili ukining'inia mguuni.

Kesho yake alichinjwa msibani. "Kula, shangazi yako alikununulia wewe," bibi aliniambia, akinipa paja.

Nikala.