Bibo la Kaka

Juzi mjukuu wangu kaleta mabibo ndani, yale matunda ya mkorosho, na harufu yake ikanirudisha kwa kaka. Siyo kwamba nilikuwa nimemsahau, hapana. Na mabibo yenyewe siku hizi mnayatupa tu, haya, tuyaache hayo.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Kaka alirudi kutoka jandoni kanenepa, na vijana wenzake kwenye shamba la pamoja wakamtania: "Wewe bonge, muhogo wa kijiji kizima unaishia kwako!" Akacheka nao. Tangu siku hiyo akawa anameza matonge mawili ya ugali mkavu, mboga hagusi. Mama akimbembeleza, anajibu, "Nimeshiba, mama." Mbavu zimemtoka, bado anajishika tumbo anasema ni kubwa.

Kisha fizi zikaanza kutoka damu. Kwetu mwenye vidonda mdomoni hapewi kitu kikali, kwa hiyo mama akaniweka nimlinde asiguse mabibo.

Mchana mmoja akaniita. "Mdogo wangu, niokotee bibo moja. Lile jekundu." Miezi mingapi hajaomba chakula! Nikaliokota, nikalikanyaga mbele yake. Nikajiona nimefanya vizuri.

Mganga wa zahanati alifika tumeshamzika. Akasema fizi zile ni mwili kukosa vitamini, hata mabibo tu yangemsaidia.

Mama akanigeukia. "Kaka yako aliwahi kukuomba?"

"Hakuomba, mama," nikasema.