Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Bibi

Juma lililopita nilipeleka debe la mahindi mashineni, hapa Mpanda mjini, nikajikuta naimba. Najiimbia mdomoni tu, maana mashine ile inanguruma mpaka meno yanatikisika. Ulikuwa wimbo wa bibi yangu, mama yake baba, wimbo wa kutwangia. Miaka mingi sijauimba, na siku ile ulinijia wenyewe.

Nimekulia Sibwesa, rafiki yangu, wakati kijiji kizima hakina mashine. Tulikuwa tunatwanga. Mimi na dada yangu, kinu kimoja, michi miwili, yeye akipandisha mimi nashusha, kuku wanazunguka miguuni kudoea pumba. Saa hatukuwa nayo. Kipimo chetu kilikuwa wimbo, beti tano, kila ubeti unaurudia weee mpaka mkono uchoke, na ukiufikisha mwisho ujue unga umelainika. Bibi aliutunga mwenyewe kwa Kisukuma. Kuandika hata jina lake hakujua, lakini mpaka leo sijasikia mtunzi wa kumfikia, na nyimbo nimesikia nyingi.

Wimbo ule ulikuwa safari yao. Ukame ulipomaliza mifugo kule Usukuma, babu na bibi walichukua ng'ombe wachache waliobaki wakashuka huku kwa miguu, wanafuata mvua. Ubeti wa kwanza ni kisima kilichokauka. Wa pili ni ng'ombe mweupe aliyegoma kuondoka, akawa anageuka kulitazama boma tupu. Hapo tulikuwa tunacheka, maana bibi alimuiga mlio wake. Wa nne ni msitu wa Inyonga na mbung'o wake. Wa tano ni jirani yetu, mama wa Kibende, aliyewapa muhogo wa kuchemsha kabla hata hajawauliza majina. Kiitikio chake: "Mvua imehama, nasi tuhame." Jirani akipita na ndoo yake kichwani alikuwa anaitikia kwa lafudhi ya kwao, kisha anatutania, "Nyie Wasukuma, hata njaa mnaiimbia!" Bibi anamrudishia, "Bila njaa wewe tungekujulia wapi?"

Ubeti wa tatu nimeuruka, umeona? Ndivyo tulivyokuwa tunafanya na sisi.

Ulikuwa wa polepole ule, mchi unashuka kwa kuvuta, mabega yanawaka moto. Maneno yake: "Lala hapa mwanangu, chini ya mninga, sisi tunafuata maji." Tulidhani ni wimbo wa kubembelezea mtoto, umepachikwa tu humo. Msimu mmoja bibi alikuwa anashinda shambani, sisi tunataka kumaliza tukacheze, basi tukazoea kuuruka. Siku moja akawahi kurudi, akakuta chenga zimejaa kwenye chekeche.

"Mmeimba beti zote?"

"Zote, bibi," nikajibu. Mdomo wangu haukuwa na breki.

"Imbeni nisikie."

Dada akaanza, nikafuata, na kwa yale mazoea yetu ya uvivu tukatoka kwa ng'ombe mweupe tukaingia msituni moja kwa moja. Nilingoja kofi. Bibi aliketi chini, pale pale kwenye pumba, akasema, "Mmemwacha tena."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona analia.

Jioni ile jirani ndiye aliyetuita kando akatueleza. Yule wa ubeti wa tatu alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi. Homa ilimshika njiani, wakamzika chini ya mninga, na ng'ombe wana kiu, hakuna kungoja. Baadaye bibi alirudi kumtafuta. Barabara ilikuwa imepanuliwa, mninga umekatwa, hakuona hata jiwe. "Amebaki kwenye huo ubeti tu," jirani alisema, "na nyie mnautupa." Nilitamani ardhi ipasuke, rafiki yangu. Kesho yake tuliurudia ubeti ule mpaka bibi mwenyewe akacheka, akasema sasa mnataka kunilisha poda.

Bibi ametangulia, jirani naye kamfuata. Kile kinu siku hizi kuku wanatagia. Dada yangu yuko Ikola na dagaa zake. Nilimpigia simu akakumbuka kiitikio, beti zote zimemtoka. Mashine siilaumu, jamani, migongo yetu inaishukuru. Lakini mwanamke yule alibeba safari nzima kichwani, na wafu wake, akaifanya kazi ya mikono ya watoto ili isipotee, na sasa nimebaki nayo peke yangu.

Siku ile mashineni nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwa ng'ombe mweupe, fundi akazima. "Dada, tayari, beba." Debe zima, beti mbili tu! Watu nyuma yangu wanasogeza ndoo zao. Nikajitwisha unga, nikafika mlangoni, nikasimama.

"Umesahau kitu?" fundi akaniuliza.

"Mtoto," nikasema.

Wakashtuka wote, wakaanza kumtafuta chini, katikati ya magunia. Nami, debe kichwani, nikauanza ubeti wa tatu, polepole, kwa sauti.