Nilipanda Kitanda cha Wifi Yangu Kusafisha Clim, Sasa Nadaiwa Ndoa Yake

Salamu kwenu nyote mnaofuata ukurasa huu. Nashukuru jina langu limefichwa, maana Kisangani ni mji mkubwa kwa macho tu, kwa masikio ni kijiji. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni kusafisha na kutengeneza viyoyozi vya majumbani, vile ambavyo huku wote tunaviita clim. Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba yangu, na ndiyo inayotulisha kwa sehemu kubwa. Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka mpaka hasira yenyewe imechoka.

Kila mwaka, kabla joto halijapamba moto, watu huzikumbuka clim zao. Chujio zimejaa vumbi, bomba la kutolea maji limeziba kwa utelezi, mashine inamdondoshea mtu maji kwenye mto. Naosha chujio kwa sabuni, nafunga mfuko mkubwa chini ya mashine ukinge maji meusi, napulizia kwa pampu hadi yatoke safi. Wateja wangu wengi ni wanawake. Clim nyingi zimefungwa chumbani mwa mke na mume, na mama wa nyumba hapendi mwanaume mgeni aingie humo. Mimi mwanamke mwenzao waliniamini.

Lakini huku kwetu kitanda cha ndoa hakikanyagwi na mwanamke mwingine. Nalijua hilo tangu nikiwa msichana. Kwa hiyo siku zote kitanda kinasogezwa kwanza, ndipo naweka ngazi yangu.

Siku hiyo niliitwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye kwa ukubwa wake sote tunamwita Yaya. Clim yake iko juu kabisa ya kichwa cha kitanda, na kitanda chenyewe ni cha mbao nzito, fundi alikuja kukiungia humo humo chumbani. Mume wangu alikuwa amenisindikiza kunibebea ngazi. Tulisukuma sote watatu, wapi! Nikamwambia Yaya tutafute wanaume wengine wawili. Akakataa.

"Unataka courant iende mbele ya kujaribu mashini?" akasema, maana umeme huku hukatika kabla hujamaliza kazi. "Panda tu juu ya kitanda. Weye si mugeni, uko mutoto ya nyumba. Fanya mbio!"

Nikavua viatu, nikatandika turubai, nikapanda. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, turubai nyingine mkononi. Kazi ikaisha, ubaridi ukatoka, Yaya akafurahi na kutupakulia pondu ya majani ya muhogo na samaki. Tulikula tukicheka.

Miezi michache baadaye mume wa Yaya akafungasha nguo zake, akavuka mto, akaenda kuishi Lubunga na mwanamke mwingine. Mimi ndiye niliyekaa na Yaya siku zile, nikimpikia na kulia naye. Kumbe machozi yangu yalikuwa yanahesabiwa kuwa ya unafiki. Nikaanza kusikia anavyosema kwa watu: "Ule mwanamuke alikanyaga kitanda yangu, akatosha bwana yangu ndani." Yaani ndimi niliyemtoa mumewe humo, na anasema nilipanda kwa siri, yeye akiwa jikoni. Jamani, kama miguu yangu ingekuwa na uwezo wa kuhamisha wanaume, ningekuwa naosha clim za watu?

Huu ndio msimu wangu wa kazi, na simu imenyamaza. Mteja wangu wa miaka mingi aliniambia, "Mama, clim ingali muzuri, utarudia siku ingine." Mwingine alinikubalia nisafishe ya sebuleni tu, akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo nikiwa namwangalia.

Sasa familia ya mume wangu imekaa na kukata shauri. Jumapili hii niende kwa Yaya na mashuka mapya ya kufidia kitanda nilichokanyaga, nipige magoti mbele ya wote, niseme kwamba nilipanda kitanda cha Yaya bila ruhusa. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Lakini weye ulisikia. Ulikuwa pale mulangoni."

"Nilisikia," akajibu. "Bon, nikisema vile, Yaya atapata haya mbele ya famille yote. Bwana amemuacha, na miye ndugu yake nimuite muongo? Weye uko na roho nguvu. Omba tu pardon, biishe."

Nikamuuliza, nikishakiri hivyo, mwanamke gani wa mji huu atanifungulia chumba chake tena? Akasema nitatafuta kazi nyingine, hata kuuza vitambaa. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekushauri ubadilishe njia kwa sababu ya matope.

Yaya simchukii. Ameachwa, na ni rahisi kunilaumu mimi kuliko kumlaumu mwanaume aliyempenda. Linaloniuma ni huyu ninayelala naye. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nikadhani wanasema habari za watu wengine.

Jana alirudi kutoka kazini na mfuko. Ndani yake mna mashuka mapya, meupe yenye maua. Akaniambia, "Nimekusaidia, weye utapeleka tu." Alikuwa amechagua mazuri. Katika ndoa yetu yote hajawahi kutununulia sisi mashuka.

Ndugu zangu, Jumapili niyabebe nikaseme uongo ili nibaki na mume, au niseme ukweli mbele ya wote huku yeye amekaa pale ameinamisha kichwa? Nipeni mawazo yenu, hata yakiwa makali. Ila naomba mtu asiniambie nivumilie. Hilo nimeshalifanya.