Maoni ya Walikale

Siku ya kwanza kazini, chef, yaani mkuu, wa ofisi yetu ya maji ya Masisi, mashariki mwa Kongo, alinikabidhi daftari na kalamu mbili, akasema, "Kila chemchemi tunayojenga itaandikwa humu. Kama haiko humu, basi haikufanyika." Nilikuwa nimemaliza sekondari tu. Nililiamini neno lile kupita kiasi.

Miaka ilipita, daftari likawa kompyuta. Masisi tulipewa programu moja ya kufuatilia kazi, wenzetu wa Walikale nyingine. Kila kazi ilikuwa na kadi yake: jina la chemchemi, mhusika, hali ilipofikia, na chini kabisa nafasi ya maoni, ambapo mtu huandika atakalo.

Walikale aliandika Mama Riziki. Sikuwahi kumwona, barabara haikuturuhusu. Lakini ofisini kwangu nilikaa peke yangu, na asubuhi nilifungua kwanza programu yao, nikasoma maoni yake. "Papa Faustin, huku mvua iko inanyesha tangu jana. Huko munakula nini?" Nami nikamjibu, "Maharage, Mama, kama kawaida." "Pole. Sisi tuko na sombe," yaani kisamvu. Kwa miaka mingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu zaidi ya siku.

Kisha mkurugenzi wa mradi akaagiza tulandanishe programu zile mbili, yaani kadi ikibadilika upande mmoja ibadilike na upande wa pili, na baadaye ile ya Walikale ifungwe. Maandalizi yalikuwa yangu. Nilioanisha majina, nikaoanisha hali za kazi, nikajaribu kadi kumi. Maoni yakagoma: programu yetu ilitaka kila mwandishi awe na akaunti, na wengi wa Walikale hawakuwa nayo.

"Hayo maoni iko na kazi ndani?" mkurugenzi aliuliza.

"Ni salamu na mvua tu, chef."

"Basi yaache."

Nilijua kwamba Walikale mtandao ulipatikana kwa dakika chache, na kwamba Mama Riziki hakupoteza dakika hizo kufungua kila sehemu ya kadi. Alimimina yote kwenye maoni. Ilinipasa kumuuliza. Sikumuuliza, kwa sababu nilitaka kumaliza kabla ya Ijumaa.

Kadi ya chemchemi ya Buleusa ilihamia kwetu ikisema "endelea". Maoni yaliyobaki kwenye programu iliyofungwa yalisema mbao za daraja zimeoza, mabomba yapelekwe kwa miguu. Mama Riziki alikuwa likizo. Msaidizi wake alisoma kadi mpya, akamtuma Bauma, dereva wa pikipiki aliyezoea njia nyingine. Ubao wa daraja ulikatika chini yake. Bauma alivunjika mguu, na haukuunga vizuri. Pikipiki hakuendesha tena.

Kwenye ripoti niliandika kwamba mtandao ulikatika wakati wa kuhamisha. Mkurugenzi alisaini. Mama Riziki hakuandika tena ila hali za kazi, neno moja moja, nami nilizisoma hivyo hivyo hadi nilipostaafu.

Sasa niko kijijini Muheto, nalima. Mke wangu alikufa, watoto wako mbali. Mwezi uliopita nilipanda kilimani penye mtandao, nikampigia Mama Riziki. Nilimweleza yote, bila kumtaja mkurugenzi.

Akajibu, "Papa, mutu wa kuambia si mie. Ni ule mwenye mguu."

"Njo yeye namutafuta. Nipe namba yake."

"Simu yangu ya zamani walininyang'anya mu njia. Namba za bamotari zote, benye pikipiki, niliandikaka mu maoni."

Nikauliza Bauma yuko kijiji gani. Akasema alihama, hajui wapi. Tukabaki kwenye laini mpaka salio langu likaisha.