Fungu la Mdogo Wake

Pale kwenye kampuni ya vipuri vya magari kila mtu alimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Jina alilipata kwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyesimamia tawi la kampuni katika mji mwingine. Kila asubuhi kijana akifungua skrini yake humrushia dada ujumbe: "Dada Mkubwa, mtambo umeamka, au nao unapenda usingizi kama wewe?" Naye humjibu kwamba mtambo umeamka zamani, ila unangoja wavivu wanawe uso.

Kazi yake ilikuwa kuutunza huo mtambo. Si kompyuta ya mezani, hapana. Ni ile ya kampuni nzima, kubwa kama kabati la nguo, inayokaa peke yake katika chumba cha baridi, na skrini zote, za dirisha la oda, za uhasibu, za tawini, zinaitegemea. Ndani yake kazi zimegawanywa katika vitengo, na kila kitengo lazima kipate memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Vingi huchota kwenye fungu la pamoja, na mtambo wenyewe huisogeza memori kwa mwenye shughuli nyingi. Lakini kitengo kinaweza pia kukatiwa fungu la peke yake. Hilo, kikiwashwa tu hulikamata, na hakiliachii mpaka kizimwe, hata kama hakuna anayebonyeza kitufe.

Mdogo wake ndiye aliyeliomba. "Dada, huku tunakula makombo," alilalamika kwenye simu. "Nyie wa makao makuu mkianza kuchapa ankara, mimi skrini inanikodolea macho tu. Nikatie fungu langu."

"Wewe tangu utotoni hutaki kula sahani moja na wenzio."

"Kwa sababu mkono wako ulikuwa mwepesi mno."

Dada akacheka, akamkatia. Akalikata kubwa, ndugu zangu, kama dada anavyomkatia mdogo wake.

Halafu kijana akaugua, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa kungoja. Akazikwa. Tawi likakosa msimamizi, kampuni ikalifunga, skrini za kule zikarudi kwenye maboksi. Kilichobaki ni Dada Mkubwa kukizima kile kitengo.

Hakukizima. Kila asubuhi kiliwaka pamoja na vingine, kikalikamata fungu lake, na jina la tawi likatokea kwenye skrini palepale lilipozoea kukaa. Hali: kinafanya kazi. Watu ndani: hakuna. Alilitazama kidogo, kisha akaendelea na shughuli zake. Hakumwambia mtu.

Biashara ikakua. Dirishani, anakokaa Baba Pacha kupokea oda za madereva na mafundi, skrini ikaanza kusuasua.

"Dada Mkubwa, mtambo wako umelala."

"Haujalala, unafikiri."

"Basi uambie ufikiri haraka. Hawa madereva watanila mzimamzima."

Utani huo uliisha siku meneja aliposhuka mwenyewe akakuta foleni imefika barabarani. Hakuutazama mtambo, alimtazama mtu. Akasema Baba Pacha vidole vimekuwa vizito. Wiki ijayo ahamie uani kupakia mizigo, dirishani akae mwingine. Na Baba Pacha kiuno chake kiliumizwa na mizigo hiyohiyo, ndiyo maana alipewa dirisha. Hakubisha. "Sawa, bosi," alisema, akaendelea kubonyeza, skrini haijamjibu bado.

Dada Mkubwa alikuwa mlangoni. Alisikia yote, na alijua kosa si la vidole.

Akarudi chumba cha baridi. Kwanza akajaribu kukwepa: akapunguza memori ya uchapishaji, akaisukuma dirishani. Dirishani pakapata nafuu, ankara zikakwama, uhasibu wakaanza kupiga simu. Akairudisha. Akakaa, mikono mapajani. Mwishowe akaandika amri ya kukizima kitengo cha tawi. Amri ile hutaka useme: kizimwe papo hapo, au kiwangoje walio ndani wamalize kazi zao. Akachagua kiwangoje.

Hapakuwa na wa kungojwa. Kilizimika kabla hajaondoa kidole.

Memori yote ile ikarudi kwenye fungu la pamoja, mtambo ukaigawa wenyewe, na foleni ikayeyuka. Meneja akapita, akatazama. "Kumbe ukitishwa kidogo unaweza," akamwambia Baba Pacha. "Haya, baki."

Dada Mkubwa alipofika dirishani, Baba Pacha alikuwa anatabasamu peke yake. "Mtambo umeulisha nini leo?"

"Nimekizima cha mdogo wangu. Kile cha tawi. Ndicho kilichokuwa kinakunyima memori siku zote hizi. Nilikuwa najua."

Baba Pacha aliacha kubonyeza. Tabasamu likamwondoka.

"Ungeniambia," alisema. "Ningevumilia."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Akageukia rafu za maboksi, mabega yakaanza kutikisika. Baba Pacha alisimama, akalivuta pazia la dirisha hadi chini.

"Jamani, mtambo umegoma kidogo," aliwaambia madereva. "Subirini."

"Si sasa hivi tu ulikuwa unakimbia?" mmoja akauliza.

"Umegoma," alisema Baba Pacha, mkono wake bado umelishika pazia.