Kitambaa cha Meza cha Akina Stiebel

Kwa miaka kumi na minne Gudrun Teichmann aliwatembeza wageni katika mji wa Wendelroda, na kazi ile aliijua hata usingizini. Alianzia kwenye lango la mnara, akapitia kanisa lenye kinanda cha zamani, akashukia mtaa wa watengeneza ngozi, ambako nyumba za mbao na udongo zimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Wageni walimpenda. Kwa karibu kila mlango alikuwa na kichekesho chake.

Mbele ya nyumba namba tisa hakuwa na kichekesho. Alisema tu kwamba hapo waliishi akina Stiebel, Wayahudi wauza vitambaa, ambao baadaye walihamia ng'ambo. Kisha alinyoosha kidole kwenye duka la keki upande wa pili, na watu wakageuka.

Jumamosi moja ya Oktoba mzee mmoja hakugeuka. Alishika fimbo, na Kijerumani chake kilikuwa safi lakini cha kizamani, cha mtu aliyekipata kwa baba yake tu.

"Walihama wote, Bibi?"

Gudrun alijibu kuwa ndivyo ajuavyo.

"Baba yangu ndiye aliyehama, akiwa na miaka kumi na tisa," mzee alisema. "Wazazi wake na dada yake walitolewa kwa mlango huu wakati wa vita, wakapelekwa stesheni, na kutoka huko kwenye kambi za mauti. Mimi naitwa Ruben Stiebel."

Hakupaza sauti. Gudrun alihisi uso ukimwaka. Aliwaharakisha wageni, na walipofika kwenye jumba la makumbusho akawaambia limefungwa, ilhali mlango ulikuwa wazi mbele ya macho yao.

Angekuwa amekosea kwa kutojua, lingekuwa jambo dogo. Lakini alijua. Mama yake, siku za mwisho za uhai wake, alimsimulia jinsi alivyochungulia dirishani familia ile ikipitishwa na masanduku yake, na jinsi vyombo vyao vilivyonadiwa barabarani wiki iliyofuata, nusu ya mji ikajitokeza. Mama alirudi na kitambaa cheupe cha meza, kilichotariziwa pembeni herufi R na S.

Asubuhi yake Gudrun alikipiga pasi, akakifunga kwenye karatasi, akaenda kwenye nyumba ya wageni alikofikia mzee yule. Alimkuta mzee akinywa kahawa. Ruben alikikunjua, akapitisha kidole gumba juu ya herufi.

"Recha. Bibi yangu, mama wa baba." Alikilaza mezani. "Mlikitumia?"

Gudrun angeweza kusema kwamba kilikaa kabatini. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Kila Krismasi," alisema. "Nilioka keki nikaiweka juu yake. Hata baada ya kujua."

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka ishirini na sita sasa."

Mzee hakumsamehe, wala hakumkaripia. Alimwomba tu asimweleze sababu. Gudrun, aliyekuwa amepanga maelezo njia nzima, alibaki amesimama mikono mitupu mpaka mhudumu akamuuliza kama anataka kiti.

Jumamosi iliyofuata aliwasimulia wageni yote pale mlangoni, pamoja na jina la mama yake. Jirani yake Volkmar Greb alikuwa akisikiliza dirishani. Wageni walipoondoka akamwita.

"Wewe Gudrun, mama yako kakukosea nini hata umwanike barabarani?"

"Sikumwanika peke yake, Volkmar. Na mimi nimo."

Greb akafunga dirisha, na tangu siku hiyo akawa hamsalimii.

Mwezi wa Novemba, Ottilie Krahmer, mjane wa mwenye duka la mbegu, aligonga mlango wa Gudrun akiwa amekumbatia kisanduku cha vijiko vya fedha. Alitazama chini muda wote. Aliuliza kama Gudrun anayo anwani ya yule mzee. Gudrun akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Hakumkaribisha ndani, na Ottilie naye hakuonekana kutaka kukaribishwa.